Ugiriki ya Mwalimu, Juu ya Mirongo

Kosa langu lilikuwa kusimama mahali ambapo Mwalimu alishanieleza, tena kwa kurudiarudia kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa, kwamba mtu akisimama hapo hana siri. Ni pale katikati ya kibonde cha mawe nyuma ya nyumba zetu, juu ya Mirongo, hapa Mwanza, ambapo ardhi ni tambarare kama sinia na majabali yameizunguka, moja juu ya jingine, kama ngazi za mtu mkubwa kuliko sisi. Jumapili moja alasiri Mwalimu alitualika majirani tupande tukae kwenye yale mawe, yeye atuoneshe jambo. Watu wakapanda, wakakaa. Mimi simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu wa Magu. Basi kwa adabu zangu, ili nisiwasumbue wenzangu, nikashuka hadi katikati, nikainama, nikaziba mdomo kwa kiganja, nikanong'ona:

"Siwezi kuongea sana. Mwalimu ametuanika juani kama mijusi. Tangu arudi Ugiriki hajapona huyu. Mwanae anataka kumchukua moja kwa moja, na aende tu, angalau tutapumzika."

Nilipoinua kichwa, majirani wote walikuwa wananitazama. Mama Sabina, muuza dagaa, alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. Juu kabisa, kwenye jiwe lake, Mwalimu hakuonesha hasira. Alipiga makofi mara mbili, taratibu, akawageukia watu.

"Mmesikia?" alisema. "Ndicho nilichotaka kuwaonesha."

Ukitaka kumjua Mwalimu, anzia hapo. Mtu mwingine angelia, au angenitupia jiwe, maana mawe yalikuwepo ya kutosha. Yeye alinifanya kuwa somo. Alikuwa amestaafu kitambo, lakini ualimu haukuwa umestaafu naye.

Alinifundisha historia kidato cha pili, na nikitaja hilo huomba nisiulizwe maksi. Baadaye maisha yakatuweka ukuta kwa ukuta, yeye na vitabu vyake, mimi na cherehani yangu barazani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika stendi ya Buzuruga najiona nimesafiri, na narudi na uchovu wa safari. Nimewahi kuvuka ziwa hadi Kamanga mara moja tu: kivuko kikafika, watu wakashuka, mimi nikabaki nimekaa, nikarudi nacho kilekile. Upande wa pili niliuona vizuri tu kutoka kwenye benchi.

"Msukuma wewe," Mwalimu aliniambia siku hiyo, "ukienda Kamanga unaomba viza."

"Na Mhaya akienda Ugiriki," nikamjibu, "lazima mlima mzima tujue."

Alicheka. Yaani mabega yalicheka, sauti haikutoka.

Sauti yake ilikuwa imeisha. Miaka yote ile ya kufundisha madarasa yaliyojaa hadi dirishani, vumbi la chaki na kupiga kelele juu ya kelele, vilimla koo. Daktari alimwambia asilazimishe tena, kilichobaki akitumie kwa akiba. Kilichobaki kilikuwa kama upepo unaopita chini ya mlango. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaishi mtaani kwetu, penye bodaboda, mashine ya kusaga, baa yenye spika mbili na kanisa lenye spika nne. Akisimama dukani kuomba chumvi, muuzaji anamwambia, "Ongeza sauti, Mwalimu!" Akisema neno kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti anasema, "Mama, hatukusikii, kaa tu." Na sisi majirani zake hatukuwa bora zaidi. Alikuwa akianza sentensi, mimi namalizia. Mara nyingi namalizia sivyo. Yeye ananitazama, anaachia hapo, anaondoka na sentensi yake halisi bado iko mdomoni.

Alikuwa na msemo: "Ukipaza sauti, watu husikia sauti. Ukisema polepole, watu husikia neno." Mimi nilidhani ni faraja ya mtu aliyeishiwa. Kumbe alikuwa na mahali alipoyaona hayo kwa macho.

Mwanae wa kike anaishi Ugiriki, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka mmoja alimtumia mama yake tiketi akapumzike huko. Wengine wakisafiri hurudi na picha za maghorofa. Mwalimu alirudi na habari za shimo.

Lilikuwa shamba la mizeituni, alisema. Mkulima alikuwa akilima miaka yote, na jembe lake lilikuwa likigonga mawe, naye akiyalaani mawe. Siku moja wakaja wanaakiolojia, wale wanaochimbua mambo ya kale, wakapiga magoti, wakaanza kuyafukua kwa brashi na vijiko. Likatokea jiwe la kukalia. Pembeni yake jingine. Safu nzima, kisha safu juu ya safu, zimejipinda kama mkono wa mtu anayekumbatia. Kumbe mkulima alikuwa akilima juu ya ukumbi wa michezo ya kuigiza, wa Wagiriki wa miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Upande mmoja ulikuwa umeshafukuliwa wote, mweupe, unang'aa. Upande wa pili bado uko chini, majani yameota juu yake, mbuzi wanakula.

"Nusu imeamka," Mwalimu alisema, "nusu bado imejifunika shuka."

Alipenda zaidi ile nusu iliyojifunika. Hapo sikuwahi kumwelewa. Mimi nikilipa kiingilio nataka kuona chote.

Alinieleza habari hiyo barazani kwangu siku nyingi, na mimi nilishona huku nikisikiliza nusu. Lakini ile nusu niliyosikiliza ilikuwa inaingia ndani. Nilianza kuuona huo ukumbi nikiwa nimesinzia mchana juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Niliona ngazi nyeupe zinashuka, na waliokaa si Wagiriki, ni pimbi wa mlimani kwetu, wamejipanga safu kwa safu, wamekunja mikono kama wazee wa kanisa. Ile mijusi yenye vichwa vyekundu ilikuwa inaitikia kwa kichwa kila neno. Na ziwa letu lilikuwa limekuja hadi mguuni pa jukwaa, limetulia, linasikiliza. Nikigutuka, nimeshona mkono wa shati kwenye kola.

Mwalimu alinisimulia alivyoshuka hadi katikati ya duara. Mwanae alikuwa amepanda juu kabisa, kwenye safu ya mwisho, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Mlinzi alimwonesha mama wa watu kwa ishara: simama hapa, useme kitu. Mwalimu akafikiri aseme nini. Hakujua Kigiriki, na Kiingereza alikiona hakistahili. Akawaza kwamba pale yuko mbele ya mkubwa, na mtu haingii kwa mkubwa bila kusalimia. Akanong'ona kwa hiyo sauti yake ya chini ya mlango:

"Shikamoo."

Na kutoka juu kabisa, wazi kama mtu aliyekaa naye kitanda kimoja, sauti ikajibu:

"Marahaba!"

Alikuwa mwanae.

Mwalimu alinuna. Mtoto aliyemzaa mwenyewe anamwitikia marahaba! Mwanae alijitetea: "Mama, nilijibu kwa niaba ya mawe." Hakusamehewa hadi chakula cha jioni, na hata hapo kwa sharti kwamba arudie shikamoo yake mwenyewe, tena amesimama.

"Ulikasirika kweli?" nilimuuliza.

"Nilikasirika juu juu," akasema. "Ndani nilikuwa nalia. Fundi, ilikuwa miaka sijasema neno mtu akalisikia mara ya kwanza."

Hapo nami nikamaliza sentensi yake, kama kawaida yangu: "Kwa hiyo ukapenda Ugiriki." Akanitazama, akaachia hapo.

Katika safari hiyohiyo alikuwa amebeba senene, wale panzi wanaoliwa kwao, waliokaangwa, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mhaya hasafiri mikono mitupu. Alikaa kwenye jiwe la ukumbi, akafungua kopo, akaanza kula. Mlinzi akamjia mbio, nadhani chakula hakiruhusiwi pale. Mwalimu akamnyooshea kopo. Yule bwana alitazama ndani, akatazama uso wa mama, akachukua mmoja, akamtia mdomoni kama anayemeza kidonge. Halafu akachukua wengine kwa kiganja, akakaa. Wakala hadi kopo likaisha, hawana lugha hata moja ya pamoja. Mwalimu alisema mazungumzo yale yalikuwa mazuri kuliko ya vikao vyote vya walimu alivyokaa.

Aliporudi Mwanza ndipo akaanza kukiangalia kile kibonde chetu. Kwetu sisi kilikuwa jalala, na choo cha mbuzi. Kilikuwa kimejaa vichaka na udongo ulioteremshwa na mvua. Yeye alikuwa akikaa dirishani anakitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Siku moja nikamwona amepiga magoti kwenye kanga kuukuu, na kijiko cha chai na brashi ya viatu.

"Mwalimu, nikuletee jembe?"

"Jembe ni la wenye haraka," akasema, hata hakugeuka.

Alichimba msimu mzima. Alichopata alikipanga juu ya turubai kwa mpangilio, vya chini upande huu, vya juu upande ule: vizibo vya soda, kandambili moja, kichwa cha mwanasesere, kitasa. Na sahani ya bati yenye maua ya bluu. Hiyo aliifuta kwa ncha ya kanga, akaisimamisha peke yake mahali pa heshima. Tulikuwa tumesimama tunaitazama, ndipo Mama Sabina akapita na beseni lake.

"He! Hiyo sahani yangu! Nilimpigia kelele mume wangu mwaka mzima kwa ajili ya hiyo!"

Akaichukua, akaitia kwenye beseni juu ya dagaa, akaenda zake.

Mwalimu alibaki amekodolea macho pale ilipokuwa. "Kule Ugiriki," akasema, "wenye sahani hawakuja."

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa anatuhubiria ukimya huku redio yake inaunguruma tangu alfajiri, hadi kikombe changu kinacheza mezani. Ukimwambia, anasema hiyo ni taarifa ya habari, si kelele. Aliwakataza watoto wa mtaa kupanda majabali, wataanguka, na yeye mwenyewe alipanda na viatu vya ngozi, mkoba begani, kila alasiri. Kanisani alisinzia kuanzia mahubiri hadi sadaka, akiamka anakusahihishia alichosema padri. Na kwa mtu aliyekuwa anatulalamikia kwamba hatusikilizi, yeye hakuwahi kunisikiliza nikimwambia kitu cha kushona. Alikuwa anakuja na kitambaa, ananieleza anachotaka, namwambia kitambaa hakitoshi, anasema kitatosha. Na kilitosha, lakini si hoja hiyo.

Nyumba yake funguo ninazo mimi sasa, tangu aende kwa mwanae. Nafungua madirisha kila Jumamosi, kwa sababu aliniagiza: nyumba ikifungwa sana humsahau mwenyewe. Kijiko cha chai na brashi viko kwenye ndoano nyuma ya mlango. Alisema nisiguse, akirudi ataendelea, kuna safu ya chini bado imejifunika.

Lakini hiyo "akirudi" haikuja bure, na mimi ndiye niliyekaribia kuipoteza.

Mwanae alikuwa akimpigia simu kila Jumapili na swali moja. Mama, huko peke yako, koo lako hilo, nani atakusikia ukianguka? Njoo ukae huku. Nikate tiketi ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi? Na kila Jumapili Mwalimu alijibu, "Subiri kwanza." Tulijua wote, kwa sababu simu aliiweka spika. Ile alasiri aliyotualika kwenye mawe, alikuwa anatafuta jibu. Alitaka kujua kama huku nako kuna mahali anaposikika. Mpango wake ulikuwa ashuke, aseme neno moja kwa sauti yake ileile, aone kama majirani zake watalisikia. Mimi nilimtangulia. Neno la kwanza lililosikika kwenye ukumbi wa Mwalimu lilikuwa langu, nalo lilikuwa: aende tu.

Hakuligusia tena. Alinisalimia vilevile, akanitania vilevile. Ila aliacha kuja barazani kusimulia. Cherehani ilianza kunipigia kelele ambazo sikuwahi kuzisikia. Siku moja nilijikuta nimeshona mkono wa shati mahali pake sawasawa, nikahuzunika.

Nikafikiri nimtengenezee kitu. Nilikusanya vipande vya vitambaa vyote alivyowahi kuniletea, maana fundi hatupi, nikashona mto wa kukalia, wa viraka, nikaujaza pamba. Mawe ni baridi, ya Ugiriki na ya kwetu. Nikasubiri Jumapili, kabla ya saa ya simu ya mwanae, nikapanda mlimani.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake la juu. Chini yetu ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, halina mstari wa kulitenga na mbingu, na kivuko cha Kamanga kilionekana kama kinapita hewani. Pimbi walikuwa wametoka kuota jua. Kwenye jabali la pembeni Mama Sabina alikuwa anageuza dagaa wake walioanikwa, fedha tupu. Pale juu kelele za mtaa zilifika zimechujwa, kama redio ya nyumba ya nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepanda mlima wewe? Nani amekufa?"

Nikampa mto. Aliuweka mapajani, akaupapasa kiraka kwa kiraka. Hiki gauni la kipaimara cha mwanangu, akasema. Hiki pazia. Hiki kile ulichosema hakitatosha.

Halafu akauliza, bila kuniangalia: "Huu umeushona wa kwenda nao, au wa kuacha hapa unisubiri?"

Mimi utani ninao mwingi. Ukweli ndio hunikwama kooni, na koo langu ni zima kabisa. Nikaanza kusema kwamba pamba ya siku hizi si nzuri. Nikasema ndege zina viti vyao. Mwalimu aliniacha nizungukezunguke hadi nikaishiwa.

"Fundi," akasema, "hapa juu huwezi. Shuka pale katikati. Pale ulisema kweli vizuri tu."

Nikashuka. Nilikwenda kama mwanafunzi anayeitwa ubaoni, na kwa kweli ndivyo nilivyokuwa. Nikasimama palepale. Nikainua uso. Alikuwa mbali, mdogo, na mto wake wa viraka kifuani. Nikawaza kwamba alikuwa anakaribia kuondoka akiamini huku kwetu hana mtu. Nikajaza mapafu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mwalimu! Nenda ukamsalimie mtoto, halafu urudi! Tunakuhitaji huku! Nisamehe!"

Mawe yakalipokea neno langu, yakatupiana, huku na kule, hadi likawa mngurumo tu, kama lori linamwaga kokoto. Pimbi wote wakakimbia. Kule juu Mwalimu aliweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa: hajasikia. Nikapiga kelele tena, kwa nguvu zaidi. Mngurumo ukawa mkubwa zaidi. Akatikisa kichwa tena.

Nikasimama pale nimeishiwa pumzi. Mama Sabina aliinuka kutoka kwenye dagaa wake, akajishika kiuno, akanitazama kutoka kwenye jabali lake. Hakupaza sauti hata kidogo, na nilisikia kila neno:

"Wewe fundi, kelele zote hizo za nini? Mwambie kwa sauti ndogo, kama ulivyomsengenya."